Injini ya Pikipiki Inachemka Baada ya Kuongezewa Nguvu: Mwongozo Kamili wa Kutafuta Chanzo

Mambo huenda hivi karibu kila mara. Mtu anafunga ekzosi ya wazi, anatoa boksi la chujio la hewa na kuweka chujio la koni, pengine anatanua na silinda. Pikipiki inapata nguvu, kisha inaanza kuchemka. Anabadilisha oili, bado inachemka. Anafunga rejeta ya oili, bado. Mwisho pistoni inakwama na silinda mpya inakwaruzika.

Shida ni kwamba joto linawindwa nje, kwenye oili na mapezi ya silinda, ilhali linazaliwa ndani, kwenye moto wenyewe. Rejeta ya oili huondoa joto ambalo tayari limeshazaliwa. Haiwezi kuongeza petroli iliyopungua, wala kusahihisha cheche iliyochelewa. Kwa hiyo mwongozo huu unaanza na vipimo, unapita kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli, cheche na mgandamizo, na upozaji unakuja mwisho kabisa.

Maelezo mengi yanahusu injini ya silinda moja inayopozwa kwa upepo na yenye kabureta. Mwenye injini ya maji au ya EFI (inayonyunyiziwa petroli kwa kompyuta badala ya kabureta) ana sehemu yake karibu na mwisho, ila hatua za mwanzo zinamhusu pia.

## Vifaa vya kuandaa

- Kipimajoto cha kuelekeza kwa mwanga au, bora zaidi, kihisi cha joto kinachokaa chini ya washa ya plagi
- Rangi nyeusi isiyong'aa inayohimili joto
- Plagi mpya mbili: moja ya namba ya kiwandani, nyingine baridi zaidi kwa namba moja
- Jeti kubwa za kabureta (vipande vyenye tundu linalopima petroli) za saizi nne au tano zinazofuatana, na jeti ndogo moja au mbili
- Fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia mwanya wa tapeti)
- Taa ya taimingi, ya kuonyesha cheche inaruka wakati gani
- Geji ya kupimia mgandamizo
- Sirinji kubwa yenye alama za mililita
- Chupa ya kunyunyizia maji, na chupa nyingine yenye alama za mililita
- Feni ya kawaida ya kupuliza upepo
- Kitabu cha pikipiki yako, daftari na kalamu

Daftari nimeliweka kwenye orodha kwa makusudi. Bila kuandika namba ya jeti, joto lililosomwa na barabara uliyopita, ukifika jaribio la tatu utakuwa unakisia.

## Tahadhari mbili kabla ya kugusa spana

Usimwagie maji injini iliyochemka. Aluminiamu ikipoa ghafla upande mmoja inaweza kupinda au kupasuka, na hedi iliyopinda huvujisha gasketi, nawe utakuwa na tatizo jipya juu ya lile la zamani. Zima, egesha kivulini, subiri.

Injini ya upepo isingurume imesimama kwa muda mrefu wakati wa vipimo. Weka feni mbele yake, na ufanyie kazi mahali penye hewa ya kutosha, kwa sababu moshi wa ekzosi una kaboni monoksidi, gesi inayoua bila harufu.

## Hatua ya 1: Thibitisha kwamba inachemka kweli

Injini iliyoongezewa nguvu lazima iwe na joto zaidi ya ile ya kiwandani. Katika petroli inayoungua, karibu theluthi moja tu ya nishati, na mara nyingi pungufu, ndiyo hugeuka kuwa mwendo. Inayobaki hutoka kama joto kupitia ekzosi na kuta za injini. Ukichoma petroli zaidi, unazalisha joto zaidi, na mapezi ya silinda ni yale yale. Kupanda kidogo si ugonjwa.

Paka doa la rangi nyeusi kwenye hedi karibu na plagi, liache likauke. Usipime juu ya aluminiamu inayong'aa, kwa maana kipimajoto cha mwanga husoma chini sana ya joto halisi kikielekezwa kwenye chuma king'aacho. Watu wengi wamedanganyika hapa wakadhani injini ni salama.

Endesha dakika 20 kwa mwendo wako wa kawaida, simama, pima doa hilo mara moja. Kama una kihisi cha chini ya plagi, soma ukiwa unaendesha. Kwa injini nyingi ndogo za upepo, 120 hadi 180°C chini ya plagi ni eneo la kawaida. Kupita 200 kwa muda mfupi mlimani kunavumilika. Ikikaa juu ya 220, punguza mwendo na usimame, maana aluminiamu hupoteza uimara haraka katika joto hilo na utando wa oili kati ya pistoni na silinda unakonda. Oili yenyewe inafaa iwe kati ya 80 na 120°C. Ikizidi 130 kwa muda mrefu inaanza kuchakaa upesi.

Dalili zisizohitaji kifaa ni hizi: nguvu inashuka injini ikishapata moto, mlio wa kugongagonga ukivuta mafuta kwa gia kubwa, na injini kuendelea kuzunguka baada ya kuzima swichi. Ukiona mojawapo, usiendelee kuitumia hadi upate chanzo.

## Hatua ya 2: Andika inachemka wakati gani

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayookoa muda mwingi kuliko zote. Kila hitilafu ina wakati wake wa kujitokeza.

Inachemka kwenye foleni na inapoa ukianza kwenda: angalia jeti ndogo, hewa inayoingia kwa wizi, na njia ya upepo kufika kwenye silinda.

Inachemka katika mwendo wa kati uliotulia, mkono wa mafuta ukiwa nusu: angalia sindano ya kabureta na taimingi.

Inachemka mlimani au kwa kasi kubwa: angalia jeti kubwa, petroli inayofika kwenye kabureta, na mgandamizo.

Inachemka dakika chache tu baada ya kuwaka, hata bila kubebeshwa kazi: fikiria taimingi iliyopotea kabisa, oili isiyopanda kichwani, au pistoni iliyobana ndani ya silinda. Hapo usiendelee kujaribu barabarani. Ruka moja kwa moja hadi Hatua ya 8 na ya 10.

Kisha fanya jaribio moja rahisi. Rudisha chujio la hewa la kiwandani na boksi lake tu, mengine yote yabaki yalivyo. Pita barabara ile ile, saa ile ile ya siku, pima tena. Joto likishuka wazi, umejua kwamba tatizo liko kwenye mchanganyiko wa hewa na petroli. Lisiposhuka, mchanganyiko haujatolewa lawamani, ila taimingi na mgandamizo vinapanda juu kwenye orodha ya washukiwa.

## Hatua ya 3: Ondoa sababu ndogo

Zipite haraka, lakini uzipite.

Inua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono. Likikataa kuzunguka, breki imeshika au cheni imekazwa kupita kiasi, na injini inavuta mzigo usioonekana.

Angalia mapezi ya silinda. Tope lililokauka, au kinga ya miguu iliyofungwa mbele ya silinda, huzuia upepo kabisa.

Pima oili pikipiki ikiwa imesimama wima, wala si kwenye stendi ya pembeni. Katika injini nyingi ndogo kijiti cha kupimia huegeshwa tu kwenye tundu lake bila kuzungushwa; kitabu chako kitasema. Oili ikizidi nayo huleta joto, kwa sababu kranki inaichapa. Kama oili inalowesha klachi pia, tafuta alama ya JASO MA au MA2 kwenye kopo. Oili zilizotengenezwa kupunguza msuguano kwa ajili ya magari zinaweza kuteleza klachi, na klachi inayoteleza ni tanuri dogo ndani ya injini.

## Hatua ya 4: Tafuta hewa ya wizi

Hewa ikiingia baada ya kabureta, haikupimiwa petroli yoyote. Mchanganyiko unakuwa mwepesi, yaani hewa nyingi na petroli kidogo, na jeti yoyote utakayoweka itakuwa inafukuza kivuli. Ndiyo maana hatua hii inatangulia jeti.

Washa injini, iache ingurume taratibu mbele ya feni. Nyunyiza maji kidogo kuzunguka mpira unaounganisha kabureta na hedi, kwenye gasketi zake, na kwenye vizibo vya mirija ya mvuto. Mngurumo ukibadilika maji yanapogusa mahali fulani, umepata tundu. Tumia maji pekee. Kunyunyizia petroli au dawa ya kusafishia kabureta juu ya injini yenye moto ni kutafuta kuungua.

Kabureta kubwa iliyofungwa kwenye mpira wa kabureta ndogo ni mahali pa kwanza pa kutiliwa shaka. Kaza, badilisha mpira au gasketi, kisha rudia jaribio.

Kagua pia muungano wa ekzosi na hedi. Masizi meusi pembeni ya flenji yanaonyesha gasketi haishiki. Hewa ikivutwa hapo, ekzosi hulipuka-lipuka unapoachia mafuta, nawe utadhani ni jeti.

Umefaulu ikiwa mngurumo hautikisiki hata kidogo popote unaponyunyiza, na ukivuta mafuta kisha kuachia, injini inarudi chini mara moja badala ya kuning'inia juu.

## Hatua ya 5: Hakikisha petroli inafika

Chomoa mpira wa petroli kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa yenye alama, fungua koki kwa dakika moja. Injini ndogo ya silinda moja hata ikikamuliwa hutumia chini ya mililita 100 kwa dakika, hivyo ukipata 200 au zaidi uko salama. Fanya hivi injini ikiwa baridi.

Ukipata kidogo, fungua mfuniko wa tangi na ujaribu tena. Ikiongezeka, tundu la kupumulia la mfuniko limeziba. Isipoongezeka, safisha chujio na koki. Angalia pia usawa wa boya ndani ya bakuli la kabureta kwa kipimo cha kitabu, maana boya lililokaa chini sana hupunguza petroli katika kila mwendo.

## Hatua ya 6: Panga jeti upya

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, kwa hiyo tutakaa.

Kwa uzito, petroli sehemu 1 huungua yote na hewa sehemu 14.7. Lakini injini iliyobebeshwa kazi kubwa haitakiwi kuwa hapo. Inahitaji petroli zaidi, karibu sehemu 12.5 hadi 13 za hewa kwa 1 ya petroli, kwa sababu huko ndiko nguvu iliko na petroli ya ziada inapoza chemba inapogeuka kuwa mvuke. Pikipiki nyingi hutoka kiwandani zikiwa upande mwepesi ili kupunguza moshi. Ukifungua chujio na ekzosi, hewa inaongezeka na jeti inabaki ile ile. Mchanganyiko mwepesi kupita kiasi huungua polepole, moto unaendelea hata valvu ya ekzosi inapofunguka, na joto lote hilo linaishia kwenye hedi na valvu.

Bandika kipande cha tepu kwenye mkono wa mafuta, weka alama za robo, nusu na robo tatu. Kutoka sifuri hadi robo hutawala jeti ndogo na skrubu yake. Robo hadi robo tatu ni sindano. Robo tatu hadi mwisho ni jeti kubwa. Usibadilishe vitu viwili kwa mara moja.

Anza na jeti kubwa, na uanzie juu. Kama ya kiwandani ni 98, weka 115, kisha ushuke hatua kwa hatua: 112, 110, 108. Ukikosea upande wa petroli nyingi, utachafua plagi. Ukikosea upande wa petroli kidogo, unaweza kutoboa pistoni. Usichanganye namba za Keihin na za Mikuni, kwani hazilingani.

Kwenye barabara tupu na salama, vuta mafuta hadi mwisho kwa gia ya tatu. Jeti ikiwa kubwa mno injini hugugumia na kutoa moshi mweusi. Shuka namba moja moja hadi kugugumia kuishe na ivute safi. Ukifika hapo, acha. Usishuke tena kutafuta kasi.

Kuthibitisha, ukiwa umevuta hadi mwisho rudisha mkono wa mafuta kidogo sana. Pikipiki ikijivuta mbele badala ya kulegea, jeti bado ni ndogo. Vivyo hivyo ukivuta choki kidogo na nguvu ikaongezeka.

Kisha sindano. Endesha kwa nusu ya mkono wa mafuta, mwendo uliotulia, kwa dakika kadhaa ukiangalia joto. Likiwa juu au injini ikisitasita, shusha klipu mfereji mmoja ili sindano ipande na petroli iongezeke. Kabureta za kiwambo mara nyingi hazina mifereji, lakini washa nyembamba ya karibu nusu milimita chini ya sindano hufanya kazi ile ile. Mwenye kabureta ya aina hii ajue pia kwamba chujio la koni huivuruga kuliko aina nyingine, maana kupanda kwa sindano kunategemea mvuto wa hewa. Wakati mwingine kurudisha boksi la kiwandani huku ukibakiza ekzosi ndiyo njia ya busara.

Mwisho jeti ndogo. Injini ikiwa na moto wa kawaida, zungusha skrubu hadi ingurume kwa kasi na utulivu kuliko mahali pengine. Skrubu iliyo upande wa injini ni ya petroli: kuifungua huongeza petroli. Iliyo upande wa chujio ni ya hewa: kuifungua huongeza hewa. Kama ya petroli inadai zaidi ya mizunguko mitatu, au ya hewa inataka kufungwa karibu kabisa, jeti ndogo haitoshi. Panda namba moja.

Sasa soma plagi. Funga mpya, endesha kwa mafuta ya mwisho mita mia kadhaa kwenye barabara isiyo na magari, shika klachi na uzime injini kwa wakati mmoja, jiachie hadi usimame, kisha ifungue. Usizime huku gurudumu likivutwa na gia. Petroli ya siku hizi haiachi rangi nyingi, kwa hiyo angalia chini kabisa ya kauri, pale inapozama ndani ya chuma. Mviringo wa kahawia hafifu ni mzuri. Nyeupe kama chokaa ni mchanganyiko mwepesi. Vipunje vidogo vinavyong'aa juu ya kauri ni aluminiamu ya pistoni yako. Hapo simamisha majaribio yote, fungua hedi.

Neno la mwisho juu ya jeti. Hewa ya juu mlimani ni nyembamba. Ukipanga jeti huko kisha ukashuka usawa wa bahari, hewa inakuwa nzito na mchanganyiko unageuka mwepesi. Panga kwa mahali pa chini na penye baridi kuliko pote unapopita.

## Hatua ya 7: Plagi

Plagi baridi haipozi injini. Inapoza ncha yake tu, ili isiwe kaa linalowasha mchanganyiko kabla ya cheche. Ncha inapaswa kufanya kazi kati ya takriban 500 na 850°C: chini ya hapo haijisafishi, juu ya hapo inawasha yenyewe.

Kama umeongeza mgandamizo, panda namba moja upande wa baridi. Kwa NGK na Denso namba kubwa ni baridi zaidi. Kwa Bosch ni kinyume. Urefu wa nyuzi uwe ule ule wa kiwandani, maana plagi ndefu inaweza kugongana na pistoni.

## Hatua ya 8: Taimingi

Cheche ikichelewa, moto unaishia kwenye ekzosi. Mpindo wa kwanza wa bomba unaweza kuwaka wekundu gizani na hedi inachemka hata bila mzigo. Cheche ikiwahi mno, injini inagonga na pistoni ndiyo inayolipa.

Fungua dirisha la magneti, funga taa ya taimingi, washa. Katika injini nyingi, alama ya F inatakiwa kulingana na alama ya kasha wakati wa mngurumo wa chini, na ukiongeza mzunguko taimingi isogee mbele hadi alama ya juu. Alama ya T ni ya pistoni kufika juu kabisa, isitumike kwa cheche.

Alama zisipolingana, chunguza kii ya magneti, kile kichuma kidogo kinachoishikilia mahali pake. Ikikatika nusu, magneti huhama kidogo na pikipiki bado inawaka, ndiyo maana haishukiwi. Kama hedi ilifunguliwa, hakiki pia cheni ya kamshafti: jino moja likiruka linatosha kuchemsha injini.

Umebadilisha CDI, yaani kisanduku cha umeme kinachoamua wakati wa cheche? Rudisha ya zamani, pima joto barabara ile ile. Zipo CDI zinazouzwa kama za mashindano ambazo mpango wake wa kuwahisha cheche haufanani kabisa na injini inayofungiwa.

Mgandamizo ukipanda, mchanganyiko huungua haraka zaidi, hivyo injini iliyotanuliwa kwa kawaida huhitaji cheche ichelewe kidogo kuliko ya kiwandani, digrii moja au mbili. Kuiwahisha kwa kudhani unaongeza nguvu ni kosa la kawaida.

## Hatua ya 9: Piga hesabu ya mgandamizo

Anayetanua silinda huhesabu cc. Wachache huhesabu kilichotokea kwenye mgandamizo, na hapo ndipo joto lilipojificha.

Chukua injini ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa pistoni wa 49.5. Hiyo ni cc 124.1. Ikiwa mgandamizo ni 9 kwa 1, chemba ina 124.1 gawanya kwa 8, yaani cc 15.5. Tanua hadi milimita 62, unapata cc 149.4. Kama chemba haikuguswa na pistoni mpya ina kichwa cha umbo lile lile, mgandamizo sasa ni 149.4 jumlisha 15.5, gawanya kwa 15.5. Jibu ni 10.6 kwa 1. Hukununua pistoni ya mgandamizo mkubwa, lakini unayo.

Usitegemee hesabu peke yake, pima. Weka pistoni juu kabisa, valvu zote zikiwa zimefungwa, laza pikipiki ili tundu la plagi liwe juu. Shikilia kranki kwa spana. Jaza oili nyepesi kwa sirinji hadi mwanzo wa nyuzi za plagi, soma ujazo. Fanya haraka, kwa kuwa oili inapenya ringi taratibu.

Tahadhari kubwa: ukimaliza, zungusha injini kwa mkono bila plagi hadi oili yote itoke. Oili haigandamiziki. Ukiwasha ikiwa ndani, utapinda koneksheni.

Kwa injini ya upepo inayotumia petroli ya oktani 91, zaidi ya takriban 10 kwa 1 inaomba uangalifu. Ikigonga, njia ni tatu: petroli ya oktani ya juu, pistoni yenye kichwa kilichobonyea, au kupanua chemba. Kwa mfano wetu, kurudi 9.5 kwa 1 kunahitaji chemba ya cc 17.6, yaani nyongeza ya cc 2.1. Kwa kipenyo cha milimita 62, gasketi nene zaidi kwa milimita 0.7 ingetoa hizo. Hata hivyo gasketi nene hutanua ule mwanya mwembamba wa pembeni mwa pistoni unaosukuma mchanganyiko katikati, na mwanya ukiwa mpana injini inaweza kugonga zaidi. Ndiyo maana naichagua pistoni kabla ya gasketi.

Geji ya mgandamizo inasaidia kulinganisha na kitabu: mkono wa mafuta ufunguliwe wote, injini iwe na moto. Ukifunga kamshafti nyingine, namba ya geji hubadilika hata kama chemba haikubadilika.

## Hatua ya 10: Oili kichwani, valvu na nafasi ya pistoni

Fungua kifuniko cha tapeti, washa injini ingurume taratibu kwa muda mfupi. Oili lazima ionekane ikilowesha. Kukiwa kukavu, zima papo hapo. Mara nyingi gasketi ya silinda mpya haina tundu la oili mahali sahihi, au silikoni iliyopakwa kwa wingi imeziba njia.

Pima tapeti injini ikiwa baridi kabisa. Pikipiki nyingi ndogo huwa kati ya milimita 0.05 na 0.10, lakini kamshafti mpya ina kipimo chake, fuata hicho. Valvu ya ekzosi hutoa sehemu kubwa ya joto lake kupitia kiti chake. Tapeti ikibana, valvu haikai vizuri, joto halina pa kwenda, na inaungua.

Kama yote ni sawa na bado inachemka, fungua silinda. Mwanya kati ya ncha mbili za ringi ikiwa ndani ya silinda, kwa matumizi ya barabara, ni karibu milimita 0.004 kwa kila milimita ya kipenyo: silinda ya 62 inataka 0.25. Pistoni ya kufuliwa hutanuka zaidi ya ile ya kusubu na inahitaji nafasi kubwa zaidi kati yake na silinda, na karatasi inayokuja nayo ndiyo yenye neno la mwisho. Fundi aliyechonga silinda kwa kipimo cha pistoni ya zamani ameandaa mkwamo.

## Kwa injini za maji na za EFI

Injini ya maji iliyofunguliwa hedi mara nyingi ina hewa iliyonaswa ndani. Toa hewa hiyo kupitia skrubu yake, jaza tena. Kisha hakikisha feni inawaka na mfuniko wa rejeta unashika shinikizo. Mapovu yanayoendelea kutoka kwenye rejeta iliyofunguliwa ikiwa baridi, tangu injini inapowashwa, yanaonyesha gasketi ya hedi inavuja. Usifungue mfuniko injini ikiwa na moto.

Kwenye EFI, kihisi cha oksijeni husahihisha mchanganyiko katika mwendo mdogo na wa kati tu. Ukivuta hadi mwisho, kompyuta hufuata ramani ya kiwandani, ambayo haijui kuhusu ekzosi yako mpya. Dawa ni kupanga upya ramani kwa kipimo cha oksijeni cha masafa mapana. Kukata waya wa kihisi si dawa.

## Sasa ndipo upozaji

Joto likiwa limeshuka na vipimo vyote vimekaa sawa, lakini unabeba mizigo mlimani kila siku, rejeta ya oili ni nyongeza nzuri. Ifunge mahali penye upepo, bila kuziba silinda, na utumie mipira inayohimili oili ya moto. Ukiwa na rejeta, angalia kwamba oili bado inafika angalau 80°C, kwa sababu oili baridi haikaushi unyevu.

Rudia barabara ya Hatua ya 2 na uandike joto jipya kando ya lile la zamani. Baada ya kilomita 300, injini ikiwa baridi, kaza upya nati za hedi kwa kipimo cha kitabu, pima tapeti, fungua plagi uisome tena.